Goti langu, bresi yangu na mzigo ulioegemea upande mmoja

Kwa karibu miaka miwili nilishuka ngazi kiubavu. Mkono mmoja umeshika reli, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata na kutua pale pale, kisha navuta pumzi, naanza tena. Kupanda kulikuwa na nafuu kidogo. Kushuka ndiko kulikonifanya nipange siku nzima kwa kuhesabu ni mara ngapi nitalazimika kwenda chini. Nikisahau kitu juu, nilikiacha huko huko.

Maelezo yangu nilikuwa nayo tayari: goti limeisha mafuta. Ndivyo tunavyoambiana watu wa rika langu, na ndivyo mama yangu alivyosema kuhusu magoti yake mwenyewe. Nilipoanza kujifunza niligundua kwamba goti la namna hii mara nyingi halina upungufu wa ute. Likivimba, ute huwa mwingi kuliko kawaida, ila umekuwa mwepesi, umepoteza ule unato wake. Ugonjwa wenyewe, osteoathritisi, unashika kiungo kizima. Gegedu linalofunika ncha za mifupa linachakaa na kuwa jembamba, mfupa ulio chini yake unakuwa mgumu na kuota vichomozo pembeni, na utando wa ndani unavimba mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi nao, na kati yao milioni 365 walikuwa wanaumwa goti. Idadi hiyo haikunipunguzia maumivu, lakini niliacha kuona aibu kushika ukuta mbele za watu.

Ninachotaka kuandika leo ni kuhusu kifaa kimoja cha kuvaa ili kulishika goti, yaani bresi ya goti, kwa sababu nilikaa nacho muda mrefu bila kuelewa kinafanya nini, na kutoelewa huko kulinigharimu mwaka mzima.

Niliyoanza nayo ilikuwa soksi ya goti. Ule mfuko wa kitambaa kizito kinachovutika, neoprini, unaouvuta kutoka kwenye shavu la mguu mpaka katikati ya paja. Niliivaa nikahisi goti limekumbatiwa. Lilipata joto, likanyamaza kidogo asubuhi. Siisemi vibaya, maana ina kazi yake: joto hulainisha ukakamavu, mbano hupunguza ule uvimbe wa jioni, na kule kuguswa kwa ngozi huupa ubongo taarifa zaidi kuhusu goti lilipo na limekunjwa kiasi gani, kwa hiyo mtu anakanyaga kwa uhakika zaidi. Lakini ngazi zilibaki ngazi. Nikifika ngazi ya tatu kushuka, kisu kile kile, mahali pale pale. Nikahitimisha kwamba bresi hazifai, nikaitupa kabatini.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Nilipoingia aliniuliza panapouma, nikaweka kiganja juu ya goti lote. Akasema, "Hapana mama, nionyeshe kwa kidole kimoja." Ilinibidi nitafute. Nilibonyeza hapa na pale mpaka kidole kikatua upande wa ndani, kwenye kile kijibonde kati ya fupa la paja na fupa la muundi. Nikaruka. Kisha akaniambia, "Sasa geuka, nipe mgongo, simama kama unavyosimama siku zote." Alikaa nyuma yangu kimya kwa muda. Akaniomba viatu vyangu, akatazama soli. Mwisho akaniambia nirudie picha ya eksirei, safari hii nikiwa nimesimama, kwa kuwa ile niliyokuja nayo nilipigwa nimelala, na goti lililolala halionyeshi nafasi inavyozibika uzito ukishuka juu yake.

Picha mpya ilipotoka hata mimi niliisoma. Upande wa nje wa goti kulikuwa na uwazi mzuri kati ya mifupa. Upande wa ndani mifupa ilikuwa imekaribiana kama midomo iliyofumbwa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo natamani mtu angeniambia tangu siku ya kwanza. Goti halibebi uzito katikati. Lina vyumba viwili vya kubebea, cha ndani na cha nje, na kimoja cha tatu mbele, nyuma ya pia ya goti. Mtu anapotembea, hata mwenye miguu iliyonyooka sawasawa, chumba cha ndani ndicho kinachobeba sehemu kubwa zaidi, mara nyingi zaidi ya nusu ya mzigo wote. Sababu ni kwamba ukisimama kwa mguu mmoja, na kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja kwa zamu, mwili wako wote uko upande wa ndani wa lile goti. Uzito unaning'inia ndani na kulivuta goti lipinde kuelekea nje.

Fikiria watu wawili wanaobeba mzigo unaoning'inia kwenye mti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wakiwa na kimo kimoja, mzigo unakaa katikati. Mmoja akiwa mfupi kidogo tu, mzigo unateleza kuelekea kwake. Anaelemewa, mabega yanashuka, na kadiri anavyoshuka ndivyo mzigo unavyozidi kumfuata. Ndicho kinachotokea kwenye goti lenye matege. Gegedu la ndani likipungua, mguu unapinda kidogo zaidi, na mguu ukipinda, mzigo unahamia zaidi ndani, palepale palipokwisha kuchoka. Matege yangu hayakuwa ya utotoni. Yalikuja polepole, na mguu mmoja tu.

Tena mzigo wenyewe ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Berlin waliwahi kuweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa watano, wakawatembeza na kusoma nguvu zinazopita humo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yanaonyesha kwamba kutembea mahali tambarare kunalibebesha goti karibu mara 2.6 ya uzito wa mwili, kupanda ngazi karibu mara 3.2, na kushuka karibu mara 3.5. Mtu wa kilo 70, kila hatua anayoshuka, goti moja linapokea kama kilo 240. Niliposoma hivyo niliweka simu chini. Kumbe sikuwa nadeka.

Kwa nini iwe zaidi ya uzito wa mtu mwenyewe? Kwa sababu ya misuli. Goti lililokunjwa halisimami bila misuli ya paja kulivuta, na misuli inapovuta inaibana mifupa pamoja. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja ndiyo breki yako, na breki hiyo inakamata kwa kuligandamiza goti. Goti linaloumwa huongeza jambo jingine juu yake. Linapohisi linayumba, misuli ya mbele na ya nyuma hukaza kwa pamoja ili kulilinda, na ule ukazaji nao ni mzigo. Mwili unajaribu kulinda kiungo, na kwa kufanya hivyo unakisaga.

Sasa turudi kwenye bresi. Aliyoniandikia yule kijana haikufanana na soksi yangu. Ilikuwa na fremu ngumu juu na chini ya goti, bawaba ubavuni, mikanda ya kubandika, na mto mdogo upande wa nje. Nilipoiona nilidhani kazi yake ni kuwa nguzo: nitakanyaga, fremu ibebe, goti lipumzike. Akanisahihisha. Hakuna bresi ya kuvaliwa namna ile inayoweza kupokea uzito wa mtu na kuupeleka ardhini. Kinachofanyika ni kile anachofanya mtu anayenyoosha fimbo iliyopinda: anaiegemeza katikati kwenye goti lake na kuvuta ncha mbili kuelekea kwake. Sehemu tatu, nguvu tatu. Bresi ya mtu aliyesagika upande wa ndani inasukuma goti kutoka nje kuelekea ndani, huku ikilishika paja na muundi kutoka upande wa ndani kuelekea nje. Mguu haunyooki ukaonekana kwa macho. Unasogezwa kidogo sana, lakini ule mti wa wabebaji wetu wawili unainuka upande wa yule mfupi, na sehemu ya mzigo inarudi kwa mwenzake mwenye nguvu.

Nilitaka kujua kama jambo hilo limewahi kupimwa au ni maneno ya kuuzia tu. Limepimwa. Watafiti wale wa Berlin waliwavisha bresi za aina hii watu watatu kati ya wale wenye vipimo ndani ya goti, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba mzigo wa upande wa ndani ulipungua kweli, na ulipungua zaidi bresi ilipowekewa pembe kubwa zaidi, yaani ilipopindwa zaidi ili ilisukume goti kwa nguvu zaidi. Hapo kuna mtego, kwa sababu pembe kubwa inabana na kuchubua, na bresi isiyovumilika itaishia kabatini kama soksi yangu. Utafiti mwingine wa mwaka 2007 ulinishangaza zaidi. Ulilinganisha bresi iliyowekewa pembe na ile ile ikiwa haina pembe yoyote, na hata isiyo na pembe ilipunguza maumivu, kwa sababu goti lilipopata mshikilizi ubavuni misuli iliacha kukaza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuna njia mbili: kuusogeza mzigo, na kuituliza misuli inayouongeza. Kwangu mimi, naamini hii ya pili ndiyo niliyoihisi kwanza. Dakika chache baada ya kuvaa, paja langu lilishuka kama mtu aliyekuwa amekunja ngumi siku nzima na sasa anafungua vidole.

Na kwa nini kupunguza mgandamizo kupunguze maumivu? Gegedu lenyewe halina mishipa ya fahamu. Unaweza kuwa umepoteza sehemu yake kubwa bila kuhisi kitu. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo na tishu zilizoko pembeni, ambazo zote zina mishipa ya fahamu tele. Gegedu zima ni mto unaotawanya nguvu. Mto ukiisha, nguvu ile ile inatua mahali padogo, na mfupa unapiga kelele. Hata hivyo hakuna anayetaka goti lisibebe kitu kabisa. Gegedu halina mishipa ya damu; linakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo, ute ukiingia na kutoka. Goti lisilotembea linakonda njaa. Ndiyo maana naipenda bresi kuliko kitanda.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Siku ya kwanza nilivaa kwa saa moja na nusu, nikaongeza polepole kama nilivyoelekezwa. Ilikuwa inateleza. Paja ni pana juu na jembamba chini, kwa hiyo kila kitu kinachofungwa juu yake kinataka kushuka, na bawaba ikishuka chini ya usawa wa goti, kazi yote inaharibika: bresi inakunjika mahali pamoja, mguu mahali pengine, na ngozi katikati ndiyo inayoumia. Dawa ilikuwa rahisi. Unakaa na goti limekunjwa, unaweka bawaba sawa na katikati ya pia ya goti, unafunga kwanza mkanda wa chini, ule unaokaa juu ya shavu la mguu, kwa kuwa huo ndio unaozuia bresi kuteleza, ndipo unapanda kwenye paja. Kisha unasimama, unatembea hatua chache, unakaza tena, maana misuli imebadilisha umbo. Jioni nilikuwa naangalia ngozi. Alama nyekundu inayopotea haraka si kitu, isiyoondoka ni ishara kwamba mto umekaa vibaya. Nilirudi mara mbili kurekebishiwa, na nawaomba wenzangu msione haya kurudi. Bresi iliyopimwa vibaya inachukiwa bila kosa lake.

Wapo wasiotakiwa kuvaa bila kuongea na daktari kwanza: aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mshipa wa mguu, mwenye mzunguko hafifu wa damu, mwenye vidonda, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, kwa kuwa huyo anaweza kuchubuka bila kujua.

Kuhusu ushahidi, nitasema kama ulivyo. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada waligawa watu 119 wenye goti lililosagika upande wa ndani katika makundi matatu: tiba ya kawaida peke yake, tiba na soksi ya neoprini, tiba na bresi ya kupunguza mzigo. Baada ya miezi 6, soksi na bresi zote mbili ziliwasaidia watu kuliko tiba peke yake, lakini baada ya kutembea dakika 6 na baada ya kupanda ngazi, wenye bresi waliumia kidogo kuliko wenye soksi. Nilipoisoma niliona mwaka wangu mmoja ukielezwa na watu nisiowajua. Kisha mwaka 2025 lilichapishwa jaribio kubwa la Uingereza, watu 466. Wote walipewa ushauri na mazoezi, na nusu yao wakaongezewa bresi iliyochaguliwa kulingana na chumba cha goti kilichoharibika. Kwenye miezi 6 wenye bresi walikuwa na nafuu zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa, na kufikia mwaka mmoja ilikuwa imepungua.

Wataalamu nao hawasemi kwa sauti moja. Mwongozo wa mwaka 2019 wa American College of Rheumatology, chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo Marekani, unaipendekeza kwa nguvu bresi ya goti kwa mtu ambaye ugonjwa umemwathiri sana kutembea au uthabiti wa kiungo, au unamletea maumivu makubwa. NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilisema mwaka 2022 kwamba isitolewe kwa kila mtu, ila pale goti linapoyumba au linapobeba mzigo kombo, mazoezi bila bresi yakawa hayafai au hayawezekani, na bresi ikatarajiwa kumsaidia mtu kutembea vizuri. Nikizisoma mbili hizi pamoja sioni zikigombana. Zote zinauliza swali lile lile la yule kijana: mzigo umeegemea wapi?

Maana hata chumba cha tatu kina bresi yake. Anayeumia mbele, nyuma ya pia ya goti, hasa akiinuka kitini, fremu yangu haitamsaidia sana. Yeye anahitaji ile laini inayoishika pia ya goti isiteleze pembeni. Jaribio la Manchester la mwaka 2015, lenye watu 126, liliona kwamba baada ya wiki 6 za kuivaa maumivu yalipungua, na hata madoa ya ugonjwa yanayoonekana ndani ya mfupa kwa picha ya emarai (MRI) yalipungua ukubwa.

Bresi yangu naivaa kwa ajili ya safari: ngazi, matembezi marefu, siku ya kusimama sana. Nyumbani naivua. Muda ule ilionipa wa kutembea bila kisu, nimeutumia kuimarisha misuli ya paja na ya nyonga, kukaa na kuinuka kitini mara kumi, kupumzika, mara kumi tena. Nimepunguza pia uzito, kilo nne tu kwa miezi mingi. Zinaonekana chache mpaka ujue kwamba utafiti wa mwaka 2005 juu ya watu wazima wenye goti kama hili ulikuta kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti kilo nne kwa kila hatua. Na siku goti likichachamaa nachukua mkongojo, mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu. Nilikuwa nikiushika kulia, kama wengi wanavyofanya.

Wiki iliyopita dada yangu mkubwa alinitembelea. Aliniona nikishuka ngazi nimeelekea mbele, mguu mmoja baada ya mwingine, akasimama chini akinitazama. Tulipokaa akasema, "Mdogo wangu, hicho kidude niazime japo wiki moja, hili langu linaniua." Nilikuwa nimeshafungua mkanda wa kwanza. Ndipo nikakumbuka.

"Dada, nionyeshe panapouma. Kwa kidole kimoja."

Alihangaika kama nilivyohangaika mimi. Kisha akabonyeza upande wa nje.

Nikamwomba asimame anipe mgongo. Nyayo zake zilikuwa mbali, magoti yake yamegusana. Tumelelewa pamoja, na sikuwahi kuliona hilo. Bresi yangu ingeusukuma mzigo wake zaidi kwenye kile chumba kilichokwisha choka. Nikaufunga tena mkanda, tukatafuta namba ya yule kijana.